Mitambo Mikongwe Isivuliwe Stara Yake

Miongoni mwa maneno yanayosemwa kwa wepesi sana siku hizi na wauzaji wa mitambo mipya, wanapoketi mbele ya mwenye kiwanda au mkurugenzi wa mamlaka ya maji na kumfungulia vitabu vyao vyenye picha za kuvutia, ni kwamba pampu zake, au tanuri lake, au mita zake za umeme, ijapokuwa zinafanya kazi usiku na mchana bila ya kushtakiwa kwa lolote, hazina budi kung'olewa na kutupwa kwa sababu haziwezi kuzungumza na kompyuta za ofisini. Neno hilo si kweli, na lau lisingekuwa na madhara ningeliacha lipite. Lakini mtambo ulionunuliwa kwa mkopo, kisha ukatunzwa kwa jasho la mafundi wetu hata ukadumu miaka thelathini, haustahili kuhukumiwa kifo kwa kosa la kutumia lugha ya zamani. Kipo kigeuzi, kisanduku kinachoenea katika kiganja, ambacho hupachikwa baina ya waya wa kale na mtandao wa sasa, ama peke yake au kikiwa kimeundwa ndani ya ruta, na kwa gharama iliyo ndogo mno ikilinganishwa na ile ya mtambo mpya huuwezesha mtambo wa zamani kuulizwa habari zake na kuzitoa.

Nakitetea chombo hicho kwa moyo wote, na kwa sababu hiyohiyo naona ni wajibu wangu kusema kwamba namna kinavyonunuliwa na kufungwa aghalabu ni ya hatari. Huagizwa katika orodha moja na plagi, soketi na vifaa vingine vidogovidogo. Hufungwa na kijana aliyetumwa kwa haraka. Huachwa na neno la siri lilelile lililotoka nalo kiwandani. Na tangu siku hiyo hapatikani mtu katika jengo zima ambaye, akiulizwa ni nani mwenye dhamana ya kisanduku kile, atajibu kwamba ni yeye. Ilhali kisanduku hicho, tangu dakika kilipowashwa, kimekwisha kuwa mlango wa mtambo.

Ili msomaji asiye fundi aione hatari hiyo kwa bayana, inafaa kwanza ajue asili ya mambo. Mwaka 1960 jumuiya ya watengenezaji wa vyombo vya elektroniki ya Marekani ilitoa kanuni iitwayo RS-232, iliyoeleza jinsi chombo kimoja kinavyoweza kukipelekea kingine habari kwa waya, biti moja baada ya nyingine. Mwaka 1983 ikafuata RS-485, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi viwandani, kwa kuwa nyaya zake mbili zilizosokotwa pamoja huchukua ishara moja kwa pande zilizo kinyume, hata kelele za umeme zitokazo katika mota kubwa, zinapoziingia nyaya zote mbili kwa kadiri ileile, hufutana zenyewe. Na kwa tadbiri hiyo njia moja huweza kwenda hadi mita 1200 na kubeba vyombo 32 vya kawaida. Baina ya miaka hiyo miwili, yaani mwaka 1979, kampuni ya Modicon ya Marekani, iliyokuwa mstari wa mbele katika kutengeneza vidhibiti vya viwandani vinavyoandikiwa programu, ilitangaza itifaki yake, yaani kanuni za vyombo kuzungumza, iitwayo Modbus, ambayo kwa wepesi wake, na kwa kuwa kila aliyeitaka aliweza kuitumia, ilitoka mikononi mwa kampuni hiyo ikaenea ulimwenguni, hata leo mita nyingi za umeme na viendesha mota vingi vya viwandani huijua.

Mazungumzo ya Modbus yana adabu yake. Katika waya mmoja huwapo msimamizi mmoja tu aulizaye, na wengine wote, kila mmoja akiwa na namba yake kati ya 1 na 247, hunyamaza mpaka waulizwe. Msimamizi humwambia namba 12 ampe yaliyomo katika rejista zake kumi, yaani vijumba vya tarakimu katika kumbukumbu yake. Namba 12 hujibu kwa tarakimu tupu, akimalizia kwa hesabu ya uthibitisho ambayo msimamizi huikagua apate kujua kuwa maneno hayakuharibika njiani. Kati ya ujumbe na ujumbe hupita kimya kisichopungua muda wa herufi tatu na nusu, na kimya hicho ndicho kinachoonyesha kwamba ujumbe mmoja umekwisha na mwingine waweza kuanza.

Etherneti ni mzaliwa wa mahali pengine kabisa. Ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya Xerox huko California, kwa ajili ya kompyuta za maofisini na mashine zao za kuchapa, wala waliokuwa wakiibuni hawakuwa na tanuri wala pampu katika fikira zao. Kuziunganisha dunia hizi mbili kunafanywa kwa njia mbili, na anunuaye chombo bila ya kujua tofauti ya njia hizo hujinunulia taabu. Njia ya kwanza ni ya tarishi, apokeaye barua iliyofungwa na kuifikisha ilivyo: kigeuzi huzichukua baiti za waya wa zamani, huzitia ndani ya pakiti za mtandao, na upande wa pili huzitoa na kuzimimina tena katika waya mwingine, wala hakijui zinasema nini. Njia hii huifaa itifaki yoyote, hata ile ambayo kampuni iliyoibuni imekwisha kufungwa. Lakini mtandao hauahidi kuzifikisha baiti zote kwa mwendo mmoja, na ujumbe ukikatwa katika pakiti mbili mahali pabaya, kile kimya cha herufi tatu na nusu hutokea pasipokuwa pake, na chombo cha mwisho hudhani maneno yamekwisha ilhali nusu yake iko njiani. Njia ya pili ni ya mkalimani, aifunguaye barua, akaisoma, akaiandika upya: ombi la kutoka ofisini humfikia kwa poti, yaani mlango wa mtandao, namba 502, ambayo ndiyo poti ya Modbus ulimwenguni kote, likiwa na kichwa cha baiti 7 chenye namba ya ombi lenyewe na namba ya chombo kinachotafutwa, naye hukivua kichwa hicho, huongeza mwishoni ile hesabu ya uthibitisho ya baiti mbili ambayo mtandao hauihitaji kwa kuwa una uthibitisho wake, kisha hulitamka ombi katika waya wa zamani kwa kasi ya waya huo. Jibu likirudi hufanya kinyume chake. Ruta nyingi za viwandani zinazouzwa leo, zile zenye tundu la RS-232 au RS-485 ubavuni na nafasi ya kadi ya simu ndani yake, huziweza njia zote mbili.

Hapa sina budi kuiondoa dhana moja inayowaponza wengi. Mwenye mali huambiwa kuwa Etherneti yake ni ya biti milioni 100 kwa sekunde, akaamini kwamba na mita zake nazo zitakimbia kwa mwendo huo. Haziwezi. Waya wa zamani ukiwa umepangwa kwenda kwa biti 9600 kwa sekunde, swali la baiti 8 na jibu la baiti 25, ambalo ndilo jibu la rejista kumi, hufanya jumla ya biti 363 tukihesabu biti 11 kwa kila herufi, nazo hupita kwa muda wa karibu sehemu 38 za elfu moja za sekunde. Basi mita 30 zikiulizwa kwa zamu, duru moja huzidi sekunde nzima hata kabla ya kuhesabu muda ambao kila chombo hutumia kutayarisha jibu lake. Mita moja ikiwa imekufa, zamu yake ikifika msimamizi hungoja jibu lisilokuja, pengine sekunde nzima nyingine, ndipo aendelee. Na waulizaji wakiwa watatu, tuseme mwongozaji wa mitambo, karani wa hesabu za umeme na meneja mwenye simu yake mkononi, mtandao huwapokea wote kwa pamoja, lakini waya humkubali mmoja tu, na waliobaki hupanga foleni. Nimewasikia watu wakikilaumu kigeuzi kwa ajili ya hayo, wakakibadilisha kwa kingine cha bei kubwa zaidi, na foleni ikabaki ilivyokuwa. Linalofaa ni kuzigawa mita katika nyaya kadhaa, kuyaacha maswali yasiyo na haja, na kumweka mwulizaji mmoja atakayewagawia wengine majibu.

Taabu hizo, hata zikichosha, ni za kawaida, na fundi mwenye subira huzimaliza. Jambo lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Itifaki ya Modbus haina neno la siri wala haimwulizi anayesema kuwa yeye ni nani. Amri namba 3 husoma rejista. Amri namba 6 huiandika. Na chombo kinachopokea amri namba 6 hutii papo hapo, iwe imetoka kwa mhandisi mkuu au kwa mwizi. Waliobuni hivyo hawakuwa wazembe. Mwaka 1979 kila aliyeweza kusema katika waya ule alikuwa amekwisha kupita lango la kiwanda, ameonekana na mlinzi na kulifungua kabati kwa ufunguo aliopewa kwa idhini. Kuwapo kwake pale ndiko kulikokuwa kitambulisho chake. Ukuta wa kiwanda, kufuli ya kabati na ufupi wa waya vilikuwa stara ya mtambo, na stara hiyo haikuandikwa popote katika kanuni kwa sababu hapakuwa na haja ya kuiandika. Kigeuzi kinapofungwa, maneno ya mtambo huvuka yakaingia katika mtandao, lakini stara yake haivuki pamoja nayo. Hubaki kule katika kabati, na sharti mtu aijenge upya, kwa makusudi, kwa fedha na kwa maarifa. Wauzaji wengi hawalisemi hilo, na wanunuzi wengi hawaliulizi.

Ushahidi upo, nao umeandikwa kwa kirefu. Alasiri ya tarehe 23 Desemba 2015, katika majira ya baridi, makampuni matatu ya kusambaza umeme katika mikoa ya Ukraine yalishambuliwa kwa wakati mmoja. Wavamizi walikuwa wamekwisha kuingia miezi kadhaa kabla yake, kwa barua pepe zilizobeba hati zenye programu ya uharibifu ndani yake, wakayaiba majina na maneno ya siri ya wafanyakazi, wakajifunza mitambo ile kwa subira kubwa. Siku ilipowadia waliziendesha kompyuta za waongozaji kutoka mbali. Waongozaji wakaiona alama ya kipanya ikitembea yenyewe juu ya vioo vya kompyuta zao na kuzifungua swichi kuu moja baada ya moja, hata vituo vya kupoozea umeme vipatavyo 30 vikazimika na wateja wapatao 225,000 wakaachwa gizani. Simu za kupokelea malalamiko zilifurikwa na miito ya uongo ili wateja wa kweli wasisikiwe.

Hayo yamesimuliwa mara nyingi. Sehemu isiyosimuliwa sana, na ambayo ndiyo inayotuhusu sisi, ni ile waliyoifanya baada ya kuzima. Vituo vile vilikuwa na vyombo vya waya wa zamani, vilivyounganishwa na makao makuu kwa vigeuzi vya Etherneti vya namna hii ninayoieleza, na wavamizi waliifuta programu ya ndani ya vigeuzi hivyo na kuweka mahali pake programu mbovu waliyoitayarisha mapema. Tangu hapo kigeuzi hakikusikia wala hakikusema. Hata kama mwongozaji angerudishiwa kompyuta yake wakati uleule, amri yake ya kuiwasha swichi isingekuwa na njia ya kufika, kwa kuwa mkalimani alikuwa ameng'olewa ulimi. Vyombo vile havikuponyeka, ikawa hapana budi kutafuta vingine, na zaidi ya miezi miwili baadaye bado vilikuwapo vituo vilivyopaswa kuendeshwa kwa mkono. Wavamizi walioweza kuchagua kuharibu chochote walikichagua kisanduku ambacho wenyewe wenye nacho, yaonekana, hawakukihesabu kuwa kitu. Waliijua thamani yake kuliko wenyeji.

Kwa upande mwingine, lililoiokoa Ukraine siku ile lastahili kutajwa kwa heshima. Mafundi walipanda magari, wakaenda hadi vituoni katika baridi, wakazifunga swichi kwa mikono yao, na umeme ukarudi kwa wateja katika muda wa saa chache, sehemu nyingine kabla hata saa sita hazijatimia. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu mitambo yao ilikuwa ya zamani kiasi cha kuwa na vishikio vya mkono, na kwa sababu walikuwapo bado watu wanaojua kuvitumia. Kampuni iliyokwisha kuwastaafisha watu hao, ikategemea kioo cha kompyuta peke yake, ingekaa gizani siku nyingi.

Nchi hiyohiyo iliona mfano wa pili mwezi Januari mwaka 2024, katika mji wa Lviv, ambako maji ya moto hupelekwa kwa mabomba kutoka vituo vya pamoja hadi katika nyumba za watu, na kuyakosa wakati wa baridi kali si jambo la kuvumilika. Wavamizi waliovamia huko, kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa na kampuni ya Dragos ya Marekani mwezi Julai mwaka huo, waliandaa programu inayozungumza Modbus kwa poti ileile namba 502, wakavipelekea vidhibiti vya joto amri zilizovifanya vipime vibaya na kufanya kazi vibaya, na wakazi wa majengo zaidi ya 600 wakakaa bila ya joto kwa karibu siku mbili. Njia waliyoingilia, taarifa hiyo yasema, yaelekea ilikuwa udhaifu wa ruta iliyoelekea nje, na baada ya kuipita ruta hiyo hawakukuta ukuta mwingine wa maana hadi kwenye vidhibiti. Msomaji aangalie kwamba hapakuhitajiwa hila ya ajabu: amri zenyewe zilikuwa amri halali za itifaki, zilizoandikwa kwa adabu zote, na vidhibiti vilitii kama vilivyoumbwa kutii.

Je, hayo ni mambo ya mbali? Mwezi Julai mwaka 2009 mkonga wa intaneti wa baharini uitwao SEACOM ulifika katika fukwe zetu za Afrika Mashariki, na katika mwaka huohuo mkonga wa TEAMS ukaiunganisha Mombasa na Fujairah, na tangu hapo intaneti, ambayo kabla yake ilitujia kutoka angani kwa setilaiti kwa bei ya kuumiza, imekuwa kitu cha watu wengi. Kisima kilichochimbwa mbali na mji, ambacho zamani mhudumu alikiendea kwa baiskeli ili akasome mita na kuandika katika daftari, leo kinaweza kufungwa ruta yenye kadi ya simu na kusomwa kutoka mjini kila dakika. Ni neema kubwa, wala siwaungi mkono wale wasemao kwamba dawa ya hatari ni kuiacha mitambo katika upweke wake wa zamani. Mamlaka ya maji isiyojua usiku huu ni lita ngapi zimetoka kisimani na ngapi zimefika tangini haiwezi kujua bomba limepasuka wapi, na maji yanayopotea ardhini hulipwa na mama aliyepanga ndoo bombani. Hoja ya upweke ina insafu yake, kwa kuwa mtambo usiounganishwa na mtandao hauvamiwi kutoka mbali, lakini gharama yake huangukia wasio na uwezo wa kuilipa.

Linalonihofisha ni ile ruta ya kisimani ikipewa anuani ya hadharani, yenye kufikiwa na yeyote aliyeko popote duniani, na poti namba 502 ikiachwa wazi nyuma yake. Tangu mwaka 2009 upo mtambo wa kutafuta uitwao Shodan, ambao badala ya kuorodhesha kurasa za kusomwa huorodhesha vyombo vilivyojibu vilipobishiwa hodi katika mtandao, na kila atakaye aweza kuuliza ni vyombo gani vinavyojibu katika poti ya Modbus, vya nchi gani na vya kampuni gani. Anayedhani kwamba kisima chake hakijulikani kwa kuwa kiko porini hajatanabahi kwamba katika mtandao hakuna pori. Ruta ya namna hiyo haifai kuwa na anuani ya hadharani hata siku moja: mazungumzo yake yapite ndani ya njia iliyofungwa kwa ufunguo hadi makao makuu, na anayetaka kuingia kutoka nje athibitishwe kwa mambo mawili, sio kwa neno la siri peke yake, maana katika mkasa wa mwaka 2015 maneno ya siri yaliyoibwa ndiyo yaliyotosha.

Ndani ya kiwanda nako, mtandao wa mitambo usichanganywe na mtandao wa karani anayefungua barua pepe. Watu huona kutenganisha huko ni anasa kwa kuwa kompyuta zote ni za bwana mmoja. Lakini barua zilizowaponza wenzetu wa Ukraine zilifunguliwa ofisini, si kwenye swichi. Kigeuzi kiwekewe orodha ya anuani chache zenye ruhusa ya kusema nacho, na wengine wote kiwanyamazie. Na kuna hatua moja ambayo gharama yake ni ndogo, nami nashangaa kwamba ni wachache wanaoichukua: ikiwa ofisi inataka kusoma tu, na mara nyingi haitaki zaidi ya hapo, basi amri zote za kuandika, zikiwamo namba 5, 6, 15 na 16, zizuiwe palepale mlangoni, kwa kigeuzi chenyewe kama kinaweza, au kwa ukuta wa ulinzi unaoielewa Modbus. Mvamizi atakayeingia baada ya hapo ataweza kujua maji yako yana kina gani, lakini hataweza kuiwasha pampu kwa njia hiyo. Tangu mwaka 2018 iko hata namna ya Modbus yenye kufichwa kwa ufunguo na kudai cheti, inayotumia poti namba 802. Mtambo mkongwe hauwezi kuitumia, lakini mkalimani wake aweza, na mnunuzi ana haki ya kuidai kabla hajatia sahihi.

Haya yote yawe sehemu ya zabuni. Hati zetu za zabuni huandika kwa makini uzito wa bomba na unene wa zege, na zinapofika kwenye kigeuzi zinasema kwa mstari mmoja kwamba mkandarasi ataunganisha mitambo na mtandao. Mstari huo hauna maana. Uandikwe kwa majina: ni nani atakayeyabadilisha maneno ya siri siku ya makabidhiano na kuyaweka chini ya ufunguo wa nani, programu ya ndani itasasishwa na nani, na kwa miaka mingapi muuzaji atawajibika kuitoa, ni wapi patawekwa kigeuzi cha akiba kilichokwisha kupangwa, ili kikiharibika cha kwanza fundi abadilishe kwa saa moja badala ya kungoja meli, na mkandarasi mwenyewe, ambaye kwa kisingizio cha dhamana hupenda kujiachia njia ya kuingilia kutoka kwao, ataifunga lini njia hiyo na nani atashuhudia imefungwa. Kadhalika mara moja kwa mwaka, kwa taarifa na kwa mpango, mtandao uzimwe kusudi na mitambo iendeshwe kwa mkono siku nzima, kijana akisimama karibu na mzee, mpaka kijana naye aweze peke yake.

Nikitaja wazee nakumbuka jambo la mwisho, ambalo kwa maoni yangu lapaswa kufanywa kabla ya mengine. Kigeuzi hakijui kwamba rejista fulani ya pampu yako ni kasi ya mota na kwamba inayoifuata ni joto la beringi. Chenyewe huona tarakimu tu, na maana ya tarakimu hizo iko katika jedwali lililokuja na mtambo miaka mingi iliyopita, pengine kwa Kijerumani au Kijapani, na ambalo mara nyingi halipo tena kabatini. Lilipopotea, maana ilibaki katika daftari na katika kichwa cha fundi aliyeuhudumia mtambo ule tangu ulipofungwa, yule ajuaye kwamba tarakimu ile hugawanywa kwa kumi, kwamba hii baiti zake mbili hupinduliwa, na kwamba rejista ile nyingine haiguswi kamwe kwa sababu iliwahi kusimamisha kinu kizima. Mtu huyo yu karibu kustaafu, kama hajastaafu. Mwenye kiwanda amwite sasa, amlipe ujira wa heshima, amkalishe na mhandisi kijana na karani mwenye mwandiko mzuri, wapite naye mtambo kwa mtambo na rejista kwa rejista mpaka jedwali liandikwe upya kwa Kiswahili, litiwe sahihi na tarehe, nakala moja iwekwe kabatini kiwandani na nyingine makao makuu. Na agizo la kigeuzi lisubiri mpaka kazi hiyo iishe.